ABU RAYHAN AL-BIRUNI: MTU WA MIZANI NA VIPIMO



Miongoni mwa masuala yaletwayo katika darsa zetu liko moja lirudilo mara kwa mara, nalo laletwa na wazazi zaidi kuliko watoto: ya nini mtoto wa Kiislamu kuchosha macho yake juu ya kitabu cha fizikia, elimu ambayo, wasema wao, imetoka kwa watu wengine na kwa watu wengine yabaki? Vijana nao wana lao. Hufungua mlango wa kwanza wa kitabu hicho, wakakuta khabari za viasi vyenye mwelekeo na viasi visivyo na mwelekeo, na milinganyo iliyojaa herufi mahali pa tarakimu, wakakifunga. Sisi tumeona kuwa jawabu bora kwa makundi haya mawili ni kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyesali sala zake tano, akazijua lugha kadhaa, akatekwa na wafalme, na katika hayo yote hakuacha kupima.

Kwanza na tulifahamu jambo lenyewe, kwani si la kutisha. Kuna mambo ambayo ukitaja tarakimu yake pamoja na kipimo chake umekwisha kuyaeleza: mchele pishi 3, nguo dhiraa 5, safari ya saa 2, homa ya digrii 39. Hapana atakayekuuliza pishi hizo 3 zaelekea wapi. Viasi vya namna hii ndivyo vijana wanavyoviita shuleni skala. Na kuna mambo mengine ambayo tarakimu peke yake haiyatoshi. Nahodha akisema jahazi lake lenda maili 8 kwa saa, bado hatujui kama litafika Lamu ama Pemba, mpaka atwambie omo imeelekea wapi. Haya huitwa vekta. Na mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni kibla. Kutoka Mombasa mpaka Makka ni kiasi cha kilomita 2,830 kwa njia iliyonyooka juu ya mgongo wa dunia. Hiyo ni skala. Lakini mtu hasali kwa kilomita, husali kwa kuelekea. Na sisi wa Mombasa twaelekea karibu kaskazini sawasawa, kwa kuwa mji wetu na Makka yote miwili iko katika longitudo ya digrii 39 na sehemu. Mtu ambaye aliijua vyema tofauti ya mambo haya, akayatumikia yote mawili umri wake mzima, ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa katika Dhulhijja ya mwaka 362 wa Hijra, yaani Septemba 973, katika nchi ya Khwarazm, kando ya mji wa Kath, mahali ambapo leo pamo ndani ya Uzbekistan. Jina lake lenyewe lina khabari yake. Kwa Kifarsi birun ni nje, na yeye alikuwa mtu wa nje ya mji, wa viungani. Ukoo wake haukuwa wa kutajwa. Walakini alibahatika kupata mwalimu katika mtu wa nyumba ya watawala, Abu Nasr Mansur bin Ali bin Iraq, bingwa wa hesabu za pembe, naye hakumfanyia kijana huyu ubakhili wa elimu. Ikawa mwana wa viungani na mwana wa ufalme wakaketi mbele ya karatasi moja. Urafiki wao ulidumu miaka mingi, hata mwalimu akawa amtungia mwanafunzi wake vitabu.

Mwaka 995 vita viliingia Khwarazm, nyumba ya Banu Iraq ikaangushwa, na al-Biruni akakimbia akiwa kijana wa miaka 21 au 22. Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhama na kurudi, mara kwa amiri huyu, mara kwa amiri yule. Hatutayafuata yote, kwani majina ya maamiri hao ni mengi na faida yake hapa ni chache. Yatosha kutaja tukio moja la wakati huo. Usiku wa tarehe 24 Mei 997 mwezi ulipatwa. Yeye alikuwa Kath. Na huko Baghdad alikuwako mzee Abu al-Wafa al-Buzjani, bingwa wa hesabu wa zama hizo. Walikuwa wamekwisha kuagana kwa barua kwamba kila mmoja autazame mwezi na aandike saa yake. Kupatwa kwa mwezi huonekana kwa wote kwa wakati mmoja, lakini saa ya Kath na saa ya Baghdad si moja, kwani jua huchomoza mashariki kwanza. Walipolinganisha walipata tofauti ya kiasi cha saa 1. Na kwa kuwa duara zima la digrii 360 hupita kwa saa 24, basi saa 1 ni digrii 15. Tazameni jinsi kiasi cha wakati kilivyogeuka kuwa kiasi cha mahali kwa mlinganyo mmoja mwepesi, bila ya mtu kutia mguu njiani. Kijana huyo alikuwa hajatimiza miaka 24.

Na alikuwa na ulimi mkali. Katika miaka hiyo aliandikiana barua na Ibn Sina, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka michache, akimletea masuali juu ya vitabu vya Aristotle, na mengi yalikuwa ya kupinga. Aliuliza, kwa mfano, kwa nini barafu huelea juu ya maji, na hali walisema kuwa kila kinachoganda huwa kizito zaidi. Hakuridhika na jawabu zote alizoletewa, wala hakuficha kutoridhika kwake. Twataja hili kwa sababu wako wadhanio kuwa adabu kwa wakubwa ni kukubali kila kilichoandikwa. Al-Biruni aliwaheshimu Wayunani, akawasoma, kisha akawatia mizanini.

Na mizani twasema kwa maana yake ya dhahiri. Yapata mwaka 1004 alirudi Khwarazm, katika mji wa Gurganj, akawa katika baraza la Khwarazmshah Abu al-Abbas Mamun. Katika kazi zake iko risala juu ya uwiano wa madini na vito kwa ujazo wao, na hii yataka tuketi nayo kidogo.

Suali lake lilikuwa hili. Watu wote husema risasi ni nzito kuliko chuma. Lakini kipande cha chuma chaweza kuwa kizito kuliko kipande cha risasi, kikiwa kikubwa. Basi usemi huo maana yake nini? Maana yake ni kuwa tukitwaa vipande viwili vyenye ujazo mmoja, cha risasi kitazidi. Kwa hiyo hatusemi juu ya uzani peke yake, wala juu ya ujazo peke yake, bali juu ya kimoja kugawanywa kwa cha pili. Huo ndio mlinganyo ambao mtoto wa shule hukutana nao siku za mwanzo: msongamano ni tungamo kugawanya kwa ujazo. Vyote vitatu ni skala. Hapana hata kimoja kiulizwacho mwelekeo. Ikiwa mwanafunzi atauliza kwa nini kitabu chasema tungamo wala hakisemi uzito, ni kwa kuwa wanafizikia huuhesabu uzito kuwa ni nguvu ya dunia kuvuta kitu, na nguvu ina mwelekeo, nao ni chini. Mizani ya vitanga viwili huvutwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo inacholinganisha hasa ni tungamo.

Kupima uzani ni jambo la kila sonara. Mashaka yalikuwa katika ujazo, kwani punje ya yakuti haina umbo la kupimwa kwa rula. Al-Biruni akatengeneza chombo chenye umbo la pia, kipana chini na chembamba juu, chenye mrija ubavuni. Hukijaza maji mpaka yafike kwenye mrija, kisha akitia kito ndani, maji yaliyosukumwa hutoka kwa mrija, akayakinga na kuyapima. Shingo aliifanya nyembamba ili hata kitu kidogo kipandishe maji kwa kuonekana. Akakuta tone hung'ang'ania mrijani lisitoke, na tone moja kwa kito kidogo si jambo dogo. Akaufanyia kazi mrija huo mara baada ya mara mpaka maji yakapita. Waandishi wengi humsifu kwa matokeo yake, sisi twamsifu zaidi kwa mrija huu.

Na matokeo yake ni haya. Dhahabu aliipata kuwa mara 19 na kitu kuliko maji ya ujazo wake; vitabu vya leo vyasema 19.3. Risasi aliipata 11.4, na leo ni 11.3 na ushei. Chuma alikipata 7.8, na leo ni hivyo hivyo kwa karibu. Yeye mwenyewe hakuandika kwa desimali hizi. Madini aliyalinganisha na dhahabu, na vito akavilinganisha na yakuti ya buluu, kisha wataalamu wa baadaye wakazigeuza hesabu zake. Aliangalia pia kuwa maji yenyewe si mamoja, ya moto na ya baridi hayalingani, na kwa hiyo apimaye hana budi kuchagua maji ya namna moja. Zaidi ya miaka 70 baada ya kufa kwake, al-Khazini wa Marw alizihifadhi hesabu hizi katika kitabu chake Mizan al-Hikma, mwaka 515 wa Hijra.

Huenda msomaji akasema, haya ni ya masonara. Ndiyo, na sonara atamnufaisha: bangili ya gramu 58, kama ni dhahabu safi, hupandisha maji kwa sentimita 3 za ujazo, ikipandisha 4, msongamano wake ni 14.5, na mnunuzi amekwisha kujua kuwa mna shaba au fedha ndani yake, bila ya kuikwaruza. Lakini haya ni yetu sote pia. Zaka ya fitri imekadiriwa kwa swaa, na swaa ni mudi 4, kipimo cha ujazo kama kibaba na pishi. Madukani nafaka yauzwa kwa kilo. Basi swaa moja ni kilo ngapi? Hapana jawabu moja, kwani kibaba cha mchele na kibaba cha unga havina uzani mmoja, na tende zina lake. Atakaye kugeuza ujazo kuwa kilo lazima azidishe kwa msongamano wa kitu chenyewe. Sehemu ya khitilafu tuzisikiazo kila mwisho wa Ramadhani si khitilafu ya fikihi kamwe, ni mlinganyo ambao haukuandikwa. Na Kitabu chetu kina sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo.

Neno mlinganyo lenyewe kwa Kiarabu ni muadala, nalo latoka katika asili moja na adili. Kilichoko kitanga hiki sharti kilingane na kilichoko kitanga cha pili, si kwa tarakimu tu bali kwa jinsi pia. Pishi hailingani na dhiraa hata tarakimu zikiwa sawa. Mwanafunzi ambaye aandika jibu bila ya kipimo, 7 tupu, hajasema kitu. Ni kama muuzaji aliyesema bei ni 7 akanyamaza.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliitwaa Khwarazm, akawachukua wanavyuoni wake kama achukuavyo ngawira. Al-Biruni alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka 44, akapelekwa Ghazna, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, na hapo ndipo palipokuwa makazi yake mpaka mwisho. Wako wamwitao mgeni wa heshima na wako wamwitao mateka; sisi twaona alikuwa vyote viwili. Mwaka uliofuata, 1018, twamkuta katika kijiji karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja, na mwenyewe ameandika kuwa hali yake ilikuwa ya dhiki. Akatwaa ubao wa kuhesabia, akachora nyuma yake tao la duara, akaligawa kwa digrii na sehemu zake, akaning'iniza uzi wenye kitu kizito, na kwa chombo hicho akapima kimo cha jua apate latitudo ya mahali alipo. Hatujui chombo kilichokuwa duni zaidi katika taarikhi ya elimu hii, wala mtu aliyekosa udhuru zaidi kuliko huyu.

Katika miaka hiyo alikuwa akiandika kitabu cha kubainisha mipaka ya mahali na masafa baina ya miji, akakimaliza mwaka 1025. Shabaha yake moja kubwa ilikuwa kuijua kibla ya Ghazna. Na hapa tofauti tuliyoanza nayo yaonekana waziwazi. Alichokuwa nacho ni masafa ya misafara: wenye ngamia humwambia kutoka mji huu mpaka ule ni farsakhi kadha. Hiyo ni skala, na tena ni skala ya njia, wala njia haiendi sawa; yapinda kwa ajili ya mlima, yazunguka kwa ajili ya kisima. Fizikia ya leo yatofautisha umbali uliotembewa na uhamo, yaani mstari ulionyooka toka mwanzo mpaka mwisho pamoja na mwelekeo wake. Al-Biruni alifanya hivyo hivyo: akazipunguza farsakhi za wasafiri kwa kadiri ya ubaya wa njia, akaziunganisha na latitudo alizozipima kwa jua, akapata tofauti za longitudo mji kwa mji kutoka Baghdad hata Ghazna. Kisha kwa hesabu za pembe juu ya tufe akautoa mwelekeo, kwa njia zaidi ya moja ili moja imshuhudie nyenziwe. Viasi vingi visivyo na mwelekeo vikazaa mwelekeo mmoja, na watu wakasimama safu juu yake.

Lakini hesabu hizo zahitaji kujua dunia ina ukubwa gani. Miaka 200 kabla yake, wanajimu wa Khalifa al-Mamun walitembea katika jangwa la Sinjar, wakipima kwa kamba mpaka nyota ya kaskazini ikapanda digrii 1, wakapata kuwa digrii 1 ya dunia ni kiasi cha maili 56 na thuluthi mbili. Al-Biruni alitaka kuihakiki kazi hiyo, lakini hakuwa na khalifa wa kumlipia safari ya jangwani. Akapata njia nyingine katika ngome ya Nandana, katika nchi ya Punjab iliyo leo Pakistan, ambako mlima mmoja umesimama juu ya nchi tambarare iliyoenea.

Kwanza alipima urefu wa mlima kutoka chini, kwa pembe, akapata dhiraa 652 na kidogo. Kisha akapanda kileleni akatazama pale mbingu na ardhi zikutanapo. Mtu akiwa juu, upeo huo hauko sawa na jicho lake, uko chini kidogo, kwa kuwa dunia ni tufe. Yeyote aliyepanda mlingoti atalifahamu hili. Pembe ya kushuka kwa macho yake ilikuwa dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya digrii 1. Mambo mawili hayo tu, urefu mmoja na pembe moja.

Na tuandike. Nusu kipenyo cha dunia tukiite N, urefu wa mlima M. Kutoka katikati ya dunia mpaka kilele ni N + M. Mstari wa macho wagusa dunia kwenye upeo, na hapo wafanya pembe mraba na nusu kipenyo. Basi pana pembetatu, ambayo upande wake mrefu ni N + M na upande wake wa pili ni N, na pembe iliyo baina yao katikati ya dunia ni hiyo hiyo ya dakika 34. Uwiano wa pande hizo mbili ndio Waarabu wauitao jaibu ya tamamu, na vijana wetu huuita kosaini. Tukiuita K, basi N ni sawa na K mara N + M. Na tukipanga upya, N ni sawa na M mara K, kugawanya kwa 1 toa K. Huu ndio mlinganyo wote. K ni uwiano mtupu, hauna dhiraa wala maili, kwa hiyo M ikiingia kwa dhiraa, N hutoka kwa dhiraa. Kilichotiwa mlangoni ni mlima mmoja, kilichotoka ni dunia nzima.

Jibu lake lilikuwa dhiraa milioni 12 na laki 8 na zaidi. Hapa twataka wasomaji wetu wawe waangalifu, kwani katika magazeti ya kujisifu imeandikwa mara nyingi kuwa alikosea chini ya sehemu 1 katika 100. Hayo yategemea dhiraa yake ilikuwa na urefu gani. Tukiikadiria baina ya sentimita 48 na 50, jibu lake huwa baina ya kilomita 6,144 na 6,400, na nusu kipenyo cha dunia kijulikanacho leo ni 6,371. Tena, mtu akirudia hesabu kwa majedwali ya sasa, kwa urefu ule na pembe ile ile, atapata yapata dhiraa 13,330,000, wala si 12,800,000. Sababu imo ndani ya mlinganyo wenyewe: 1 toa K ni tarakimu ndogo mno, kiasi cha 49 katika milioni, na kosa dogo kabisa hapo hukuzwa likawa kubwa. Dakika 1 tu ya kosa katika zile 34 huibadili dunia kwa kiasi cha sehemu 6 katika 100. Na hewa nayo hupinda mwangaza wa upeo. Twayasema haya bila ya kumpunguzia heshima yake. Yeye mwenyewe aliliona jibu lake kuwa karibu na la watu wa al-Mamun, akaandika vipimo vyake vyote ili ajaye ayarudie; na kwa kuwa aliviandika ndiyo maana sisi leo twaweza kumkosoa. Hatuoni fakhari kubwa zaidi kwa mwanachuoni kuliko hiyo, nayo ni kubwa kuliko ile sehemu 1 katika 100.

Mambo ya Ghazna ni mengi, nasi twataja matatu. La kwanza, mwaka 1029 alitunga kitabu cha kufundishia, kwa masuali na majawabu, akianza na jiometri na hesabu kabla ya nyota, na aliyetungiwa kitabu hicho ni mwanamke, Rayhana binti al-Hasan. Wale wasemao kuwa hesabu si ya mabinti na watuonyeshe walilitoa wapi.

La pili, alitengeneza chombo cha kujulia nyakati za adhuhuri na alasiri kwa vivuli, akaandika juu yake miezi ya Kirumi. Sababu ni wazi: vivuli hufuata jua, na miezi yetu hufuata mwezi, ikizunguka majira yote. Mtu mmoja wa msikitini akakikataa chombo kisiingizwe, kwa kuwa kina majina ya Warumi. Al-Biruni akamjibu kuwa Warumi nao hula chakula na hutembea masokoni, basi na ajizuie na mambo hayo mawili pia asije akafanana nao. Kisa hiki kina umri wa miaka elfu, na mtu yule wa msikitini, kwa tuonavyo sisi, hajafa bado.

La tatu ni la uzeeni mwake, katika ufalme wa Mawdud, alipotunga kitabu cha vito. Ilikuwa imeenea kwa waandishi kuwa nyoka akiiona zumaridi macho yake hutoka. Al-Biruni hakubishana na mtu. Akamvisha nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi chini, akaitikisa mbele yake, kwa muda wa miezi 9, katika joto na katika baridi. Nyoka hakupatwa na lolote. Ndugu zetu wanaovaa pete za mawe kwa kutaraji kinga, na wanaowauzia, wana haki ya kukijua kitabu hiki.

Kitabu chake cha India, alichokitunga mwaka 1030 baada ya kujifunza Kisanskriti, chataka makala yake peke yake. Mwaka huo Mahmud alikufa, na mwanawe Masud akamtukuza al-Biruni zaidi kuliko baba yake. Kwake ndiko alikopeleka kitabu chake kikubwa kuliko vyote cha elimu ya falaki, al-Qanun al-Masudi. Yasimuliwa kuwa Sultani alimpelekea zawadi ya fedha, mzigo wa tembo mzima, naye akairudisha, akisema kuwa hana haja nayo.

Kwa kauli iliyo mashuhuri alikufa Ghazna mwaka 440 wa Hijra, yaani 1048. Yaqut ameihifadhi khabari ya saa yake ya mwisho, kwa riwaya ya fakihi Abu al-Hasan Ali bin Isa al-Walwaliji. Fakihi huyo aliingia kumzuru, akamkuta yu katika kukata roho, kifua chake kimebana. Al-Biruni akamwuliza juu ya hesabu waliyowahi kuizungumza siku moja, ya mirathi ya nyanya wa upande wa mama. Fakihi kwa kumhurumia akamwambia, je, ni katika hali hii? Naye akamjibu kuwa kuiaga dunia hali aijua mas'ala hiyo ni bora kwake kuliko kuiaga hali haijui. Basi fakihi akamrudia hesabu yake, fungu kwa fungu, na mgonjwa akaihifadhi, kisha naye akamweleza fakihi jambo alilokuwa amemwahidi. Fakihi akaaga akatoka. Alikuwa bado njiani aliposikia kilio cha msiba kutoka nyumbani.